Mstari wa Pili

Habari ya kifo cha Mama Mwayuma niliipata kwenye simu, katika kundi la watu wa Kasongo tunaoishi Kindu, kati ya picha za harusi ya mtu nisiyemjua na tangazo la mabati. "Mama Mwayuma, aliyekuwa mpishi wa ile nyumba ya ujumbe, ametutoka. Tumuombee." Chini yake watu walikuwa wamekwisha kuweka ile mikono ya kuomba, na mmoja, Mungu amsamehe, alikuwa anauliza kama mabati yana rangi. Nilikuwa nimesimama kwa fundi cherehani nikingoja suruali. Hakuna aliyenikalisha chini, hakuna aliyenipa maji ya kunywa. Nikasema kwa sauti, "Ni haki yangu," yaani nimestahili kuipata hivyo, na fundi akadhani nagombana juu ya suruali, akaanza kujitetea.

Kwetu, na hasa kwa Waislamu wa mjini Kasongo, habari ya kifo hairushwi tu kama mfupa. Inapelekwa. Wazee wa ukoo wanakutana kwanza mahali pengine, wanapanga nani atasema nini, halafu wanakuja kwako kama watu waliokuja kukusalimia. Wanakukalisha. Wanakupa maji. Mmoja anasema kuna mgonjwa. Mwingine anasema mgonjwa amezidiwa. Aliye mkubwa ndiye anayesema lenyewe, na wakati huo ndugu zako wamekwisha kukaa kushoto na kulia, wakushike usianguke. Katika mwaka ule ninaotaka kuuandika hapa, nilimsikia Papa Shabani, mkuu wangu wa kazi, akipanga jambo hilo barazani na wazee wenzake, kwa msiba wa jirani mmoja. "Weye utaanza na mugonjwa," alimwambia mmoja. "Mimi nitafuata na kuzidiwa. Lakini ukiona anaanza kutetemeka, usikimbie mbele. Rudia tena ile ya mugonjwa." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikacheka mpaka nikajiziba mdomo. Niliona ni watu wazima wanaofanya mazoezi ya mchezo wa shule. Nilikuwa kijana, nilijua kompyuta, na nilifikiri mtu anayejua kompyuta amekwisha kujua namna habari inavyosafiri.

Nyumba ya ujumbe ilikuwa nyuma ya soko, ya matofali ya udongo, na mlingoti wa antena mrefu kuliko mchikichi wa jirani. Wakati ule simu ya Kabambare ilikuwa ya kubahatisha, na barabara ilikuwa kama ilivyo leo, yaani pikipiki, matope na sala. Mtu wa Kabambare aliyetaka kumfikia mtu wa Kasongo alikwenda kwenye foni, ile redio ya mawimbi, na shirika moja dogo ambalo siku hizi halipo lilikuwa limeunganisha foni hiyo na kompyuta huku na kule. Opereta wa Kabambare aliandika, hewa ikabeba, mashine yetu ikapokea na kuchapa kwenye karatasi. Mimi nilikuwa fundi wa mashine. Papa Shabani alikuwa mkuu wa nyumba, mtu wa familia ya zamani ya mjini, mwenye kofia safi na ulimi usiochoka. Mama Mwayuma alitupikia. Chumba cha mashine kilikuwa na joto na harufu ya betri za sola, na mlango wake haukuwa mlango bali pazia la kitenge lililopauka, kwa hiyo yote yaliyosemwa barazani niliyasikia, na yote yaliyopikwa uani niliyanusa. Nilikuwa najua tunakula nini kabla ya Papa Shabani, na nilijivunia hilo pia.

Sasa nieleze jambo la kazi, kwa kifupi, kwa sababu bila hilo kosa langu halieleweki. Programu ile, kila ilipofanya kitu, iliandika mstari kwenye kioo cha kompyuta. Sisi mafundi tunaiita logi. Ni kama mtu anayefanya kazi huku anajisemea mwenyewe, na unaweza kumwamuru ajisemee kidogo au ajisemee sana. Ikiwekwa NORMAL, iliandika hivi tu: UJUMBE UMEPOKELEWA. KABAMBARE. SALAMA. Ikiwekwa DETAIL, ilimwaga kila kitu, hata maneno ya ujumbe wenyewe, kipande kwa kipande jinsi yalivyofika kutoka hewani. Amri ya nyumba ilikuwa NORMAL siku zote. Ujumbe wa mtu ni siri yake, alisema Papa Shabani, na ule wa msiba ni siri ya wazee mpaka wameufikisha. Mimi niliukunja bila kuusoma, au nilijifanya siusomi, nikampa yeye.

Tena programu ile haikutakiwa kuzimwa. Ukiizima, uzi wa Kabambare unakatika, na kuurudisha ilikuwa kazi ya nusu siku ya kuitana kwenye foni, "Kabambare, Kabambare, unanipata?" na Kabambare haikupati. Lakini nilikuwa nimegundua kwamba aliyeitengeneza alikuwa mtu mwenye huruma. Ukifungua faili la mipangilio, ukafuta neno NORMAL, ukaandika DETAIL na kuhifadhi, baada ya kitambo kidogo programu ilisoma yenyewe neno jipya na kulifuata bila kusimama. Nilimwonyesha Papa Shabani siku moja, akapiga makofi. "Muangalie huyu mutoto! Pikipiki iko inatembea, yeye iko anabadilisha tairi!" Akawahadithia watu wote wa soko la mchele, na kwa majuma mazima wauza mchele waliniita Fundi wa Tairi. Nilipenda sana jina hilo. Sikuona ubaya wa jambo lenyewe, na ubaya wake ni huu: kitu unachokibadilisha juu kwa juu, wakati kinaendelea na kazi, hakuna kinachokukumbusha kukirudisha. Ukizima na kuwasha, mambo hurudi yalivyokuwa. Usipozima, yanaendelea na wewe unaendelea.

Mama Mwayuma alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mtani, aliyekuwa akinitania kwa namna nilivyokula. "Muangalie Toma, anakula sawa mutu wa Lusangi ametoka mu shimo ya dhahabu." Alipika bugali, ugali wetu wa muhogo, laini isiyo na hata donge, sombe ya majani ya muhogo, mawese na karanga, na siku samaki wa Lualaba walipoingia sokoni alipika wali, na wali wa Kasongo una heshima yake. Asubuhi aliniletea chai kule ndani, na siku moja akasimama akitazama kioo.

"Toma, haya maandishi iko inakimbia wapi kila siku?"

"Haikimbii, mama. Inasema Kabambare imetuma ujumbe."

"Nionyeshe Kabambare ni gani."

Nikamwonyesha kwa kidole. Alikuwa na binti mmoja tu, Zaina, aliyeolewa Kabambare na mwenye duka dogo la sabuni na chumvi, na tangu aolewe hawakuwa wameonana. Mama Mwayuma aliinama karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu. Nikamwambia hii ni A, na hii ni A, na hii tena. Akacheka. "Kabambare inapenda A sawa watu yake wanapenda mawese." Kesho yake akarudi, akaitafuta Kabambare peke yake, akaipata, akaondoka anaimba.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumfundisha kusoma, bila kukusudia. Nilimwandikia herufi kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, na alipokuwa akikoroga chungu alizisema, kwa sauti, na majirani wakamcheka juu ya ukuta naye akawatukana kwa upole. Siku aliyoniomba nimwandikie jina la bintiye nilimwandikia kwa herufi kubwa, ZAINA, akalitazama muda mrefu akiwa ameshika mwiko. "Njo yeye huyu? Mutoto mukubwa vile, anaingia mu kanafasi haka?" Hakulifuta kamwe. Ikawa desturi kwamba kila siku, kabla ya chakula cha mchana, wakati maji ya bugali yanangoja kuchemka, aliingia na vidole vyake vyenye unga wa muhogo, akaweka kidole chini ya mstari wa mwisho kwenye kioo, akasoma. "Ka-ba-mba-re. Sa-la-ma." Kisha alisema aksanti, kwa mashine siyo kwangu, akarudi jikoni. Alama za unga nilizifuta kwa pindo la shati. Mimi nilijua SALAMA ile ya mashine maana yake ni kwamba ujumbe umefika mzima, bila kukatika, na si kwamba watu wa Kabambare ni wazima. Ujumbe wa msiba nao ulikuwa SALAMA. Sikumweleza. Niliona anafurahi, na alikuwa ananiita mwalimu, na hakuna aliyewahi kuniita mwalimu.

Msimu wa mvua ulipoanza, ujumbe wa Kabambare ukaanza kufika umekatwa. Mfanyabiashara alipokea "Mchele umefika, je", basi, mwisho. Muuguzi alipokea "Dawa za malaria zimebaki chache, mtatuletea lini". Watu walikuja kulalamika barazani, na Papa Shabani, ambaye mbele yao alinitetea, baadaye alipenyeza kichwa kwenye pazia na kuniuliza kama tairi yangu imetoboka. Nilikuwa najua Zaina ana mimba, kwa sababu Mama Mwayuma aliliimba jambo hilo jikoni, lakini sikuwa nafikiria Zaina. Nilikuwa nafikiria jina langu. Asubuhi moja nikafungua faili, nikafuta NORMAL, nikaandika DETAIL, ili nione kwa macho yangu ujumbe unavyofika na unakatika wapi.

Ujumbe wa kwanza wa siku hiyo ulinipa jibu. Alama ya kuuliza! Kila mahali mtu wa Kabambare alipouliza swali, mashine yetu iliiona ile alama kama amri ya kufunga, ikatupa kila kilichofuata. Nilirekebisha hapo hapo, mstari mmoja tu, juu kwa juu, programu ikiwa inatembea. Nilipiga paja langu kwa furaha. Halafu, badala ya kurudisha lile neno, niliinuka na kwenda sokoni kumtafuta Papa Shabani, kwa sababu ushindi ambao hakuna aliyeuona ni nusu ya ushindi. Nilimkuta kati ya wauza mchele. Nikasimulia, nao wakanipa kahawa ya tangawizi, nikasimulia tena. Mama mmoja muuza mchele akasema, "Kumbe mashini inachukia maswali sawa bwana ya kwangu," na tukacheka sana. Ninakumbuka ladha ya kahawa ile. Nadhani wakati nilipokuwa naomba kikombe cha pili ndipo Mama Mwayuma alipoingia chumba cha mashine.

Niliporudi nyumbani ilikuwa karibu na adhuhuri. Kioo kilikuwa kimejaa maandishi, na kabla sijakumbuka kwa nini kimejaa, niliona unga. Alama ya kidole, nyeupe, chini ya mstari mmoja, imeburutwa kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake, polepole, jinsi nilivyomfundisha. Juu ya unga ule palikuwa pameandikwa: KWA WAZEE WA MAMA MWAYUMA. ZAINA AMEFARIKI LEO KATIKA UZAZI. Chini ya mstari huo kulikuwa na kipande cha pili cha ujumbe, kilichofika baadaye, kwa maana hewa ya Kabambare siku ya mawingu ilikuwa nzito na vipande vilifuatana kwa kuchelewa: MTOTO WA KIKE NI MZIMA, ANANYONYESHWA NA JIRANI. Chini ya mstari huo wa pili kioo kilikuwa safi. Hapakuwa na unga. Nilielewa yote kwa mara moja, kama mtu anayeona gogo linamwangukia. Alikuwa amesoma la kwanza akaondoka. La pili lilikuja akiwa hayupo.

Uani nilisikia mwiko unagonga chungu. Hakukuwa na kilio. Alikuwa anasonga bugali.

Nilifanya nini? Nilifuta unga kwa pindo la shati. Nilifungua faili, nikafuta DETAIL, nikaandika NORMAL, nikangoja mpaka programu ilisome, nikasafisha kioo, na mstari uliofuata ukaja mfupi na mtulivu, SALAMA. Nikachukua karatasi iliyochapwa, nikaikunja vizuri zaidi kuliko siku zote, nikatoka mpaka barabarani kutafuta mtu wa pikipiki wa kumpelekea Papa Shabani, aliyekuwa ametoka sokoni kwenda kwake kwa sala ya adhuhuri. Nilikaa kule barabarani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wapikipiki walikuwa wengi. Nilikuwa nasema moyoni kwamba si kazi yangu, kwamba mimi si ndugu yake, si mzee, wala si Mwislamu, kwamba habari ina wenyewe, na nikiifungua mdomoni mwangu nitakuwa nimevunja desturi ya watu. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini desturi ile imewekwa kumlinda mtu asiyejua, na yeye alikuwa anajua tayari, anajua nusu, na nusu aliyoijua ilikuwa ile mbaya. Mjukuu wake alikuwa hai na yeye alikuwa jikoni anawalilia wawili kimoyomoyo. Sentensi moja ingetosha. Chini ya sababu zangu zote nzuri kulikuwa na sababu moja ndogo: niliogopa Papa Shabani ajue kwamba Fundi wa Tairi ameacha siri za watu wazi kwenye kioo.

Nilipokwisha kumpa mpanda pikipiki karatasi na kurudi, Mama Mwayuma akaniita kula. Aliweka bugali, sombe, na samaki mdogo wa kukaanga, akanimiminia maji ya kunawa. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Alikaa. Siku zote alituandalia na kurudi jikoni, lakini siku hiyo alivuta kigoda akakaa mbele yangu, mikono mapajani, vidole bado vina unga. Aliutazama uso wangu kama alivyokuwa akitazama kioo.

"Toma, mashini leo imesema nini?"

Nilikuwa na tonge mkononi. Kama kuna mlango uliowahi kufunguliwa mbele yangu na mtu aliyekuwa akiteseka kuushika, ni huo.

"Hakuna kitu, mama," nikasema. "Ya kila siku tu."

Aliendelea kunitazama. Kisha akasema, "Basi kula, mwanangu. Itapoa." Na mimi nikala. Nilikula yote, kwa sababu niliona nikibakisha atajua kwamba ninajua. Alikaa pale mpaka nilipomaliza, akachukua sahani, akaenda kuziosha.

Wazee walikuja baada ya sala ya alasiri. Papa Shabani alikuwa na kaka mkubwa wa Mama Mwayuma, na wengine wa ukoo, na nyuma yao wanawake waliojikunyata pembeni mwa ukuta wasionekane mapema. Nilisimama nyuma ya pazia langu. Walimkalisha. Kaka yake alimpa maji, akanywa. Papa Shabani akasema wamepata salamu kutoka Kabambare, kuna mugonjwa. "Mugonjwa ni nani?" akauliza Mama Mwayuma, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, nami nikajua kwamba anawaachia wafanye kazi yao, kwamba anawaonea huruma wazee wale walioikariri njia nzima. Zaina. Amezidiwa. Aliinamisha kichwa. Kaka yake akasema lenyewe. Mama Mwayuma akasema, taratibu, maneno yanayosemwa kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tutarejea. Hakulia. Wanawake ukutani walitazamana. Ndipo kaka yake akamshika bega na kusema, "Lakini amekuachia mutoto, dada. Mutoto mwanamuke. Iko muzima, iko ananyonya."

Hapo ndipo alipoanguka. Alipiga yowe ambalo mpaka leo sijasikia mfano wake, akawaponyoka waliomshika, akagaragara uani, unga uliobaki nguoni ukawa matope. Jioni, katika kilio, nilisikia wanawake wakisema huzuni ya mtu mwingine huchelewa njiani. Mimi peke yangu nilijua haikuchelewa. Ilikuwa imefika mapema, nami niliiacha ikae peke yake jikoni mchana mzima.

Alikwenda Kabambare kwa pikipiki katika yale matope, akarudi baadaye amembeba mtoto mgongoni. Aliendelea kutupikia. Aliendelea kunitania, kidogo kidogo, juu ya kula kwangu. Lakini kwenye chumba cha mashine hakuingia tena, chai yangu aliiweka nje ya pazia na kusema "Toma, chai." Mlangoni mwa jikoni chaki ilibaki mpaka mvua ikaimaliza. Mwaka ulipokwisha nikapata kazi Kindu, nikaenda bila kumuaga vizuri. Miaka iliyofuata nimepita Kasongo mara nyingi, na kila mara nimepata sababu ya kutopita mtaa ule. Kazini vijana wananisifu kwa uangalifu. Programu yoyote inayopita mikononi mwangu, ukiiweka iseme sana, inarudi yenyewe kusema kidogo baada ya muda, hata ukisahau. Wananiuliza niliitoa wapi akili hiyo. Huwaambia ni uzoefu.

Nilifika Kasongo kwa arobaini ya Mama Mwayuma. Uani palikuwa na turubai na watu wengi, na nilikusudia kukaa kidogo nyuma na kuondoka. Msichana mmoja mrefu, amejifunga mtandio mweupe, akaja moja kwa moja mpaka nilipokaa. "Weye ni Papa Toma," akasema, wala hakuuliza. "Mimi ni Riziki. Bibi alisema ukija usikae inje na wageni, ukae ndani." Nikamfuata. Alikuwa na mabega ya bibi yake. Aliweka mkeka, akaweka sahani zilizofunikwa, akaleta birika. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Sikudhani siku moja mjukuu huyo atanimiminia maji ya kunawa.

Njia nzima kutoka Kindu nilikuwa nimepanga maneno. Nikayaanza. "Riziki, kuna jambo la siku ile uliyozaliwa."

"Najua. Bibi aliniambia mwaka huu, akiwa mugonjwa." Alikaa chini mbele yangu, mikono mapajani. "Alisema siku ile alirudi tena kuangalia kioo, weye ulikuwa umeenda ku barabara. Hakuamini macho yake. Alijisemea, mimi ni mwanafunzi tu, labda nimesoma vibaya. Akaingia, akakuta unga wake umefutwa, maandishi imerudi ile ya kila siku. Njo akajua weye umeona."

Miaka yote nilijipa angalau hilo, kwamba hakujua kwamba ninajua.

"Alisema alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Alisema alikaa pale, unakula, na yeye iko anangoja mwalimu amusahihishe. Useme, mama, umesoma vibaya. Ao useme, mama, umesoma vizuri, lakini haukumaliza." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayekabidhi mzigo aliotumwa. "Nikiwa mudogo, kila akinisomesha alikuwa anasema, soma mupaka mwisho, Riziki, usiache mustari ya pili. Nikafikiri ni ya masomo tu. Kumbe mustari ya pili ilikuwa ni mimi."

Akanyoosha mkono, akafunua sahani. Ilikuwa bugali na sombe.

"Kula, papa," akasema. "Itapoa."